Boti Nyepesi Haikisiwi, Huchorwa: Kwa Nini Kitui Inahitaji Wachoraji wa Katamarani

Ukitaja Kitui na boti kwa sentensi moja, watu wanacheka. Sawa, wacheke kwanza wamalize, halafu tuongee.

Najua bahari hatuna. Hata ziwa hatuna. Tuna mito ya mchanga, ile ambayo kwa miezi mingi ukitaka maji unapiga magoti na kuchimba. Lakini pale chini, mahali Mto Thwake unapoingia Mto Athi, ujenzi wa bwawa ulianza 2018. Bwawa lenyewe liko Makueni, na ng'ambo ya Athi ni Kitui. Limepangwa kushika maji mita za ujazo milioni 688. Tarehe ya kumaliza imesogezwa mara kadhaa, hiyo tunaijua wote. Lakini siku likijaa, wasee, kati yetu na ndugu zetu wa Makueni hakutakuwa tena na mto wa kuruka kwa mawe wakati wa kiangazi. Kutakuwa na ziwa.

Na tayari tuko na Kiambere kwenye Mto Tana, mpakani mwa Kitui na Embu, lenye maji tangu miaka ya themanini. Kwa hivyo swali la nani atavuka maji, kwa chombo gani, na nani atakichora, si swali la Mombasa peke yake.

Maoni yangu ni haya: boti ambazo mabwawa yetu yatahitaji ni nyepesi, nyembamba na zenye miili miwili, yaani katamarani. Na wanaofaa kuzichora ni vijana wa hapa. Tusipojifunza kusoma mchoro wa boti mapema, tutauziwa chuma kizito kwa tenda, tushangilie kwa picha za uzinduzi, halafu tuanze kuhesabu mafuta na Mungu aepushe, maiti.

Hebu nieleze polepole.

Katamarani ni nini hasa

Boti ya kawaida ina mwili mmoja. Ili isipinduke, ama unaifanya pana kama sufuria, ama, kama ni ya tanga, unaitia uzito chini. Mabaharia wa Kiswahili huuita uzito huo farumi. Kwenye boti nyingi za kisasa za tanga, farumi ni risasi au chuma kilichofungwa kwenye mkuku, na mara nyingi ni kama theluthi ya uzito wote wa boti. Fikiria hiyo kidogo. Unabeba theluthi nzima ya uzito ambayo haili, haikai, hailipi nauli. Kazi yake ni kuzuia boti isilale.

Katamarani inakataa hiyo biashara. Inachukua miili miwili myembamba, inaiweka mbali mbali, inaiunganisha kwa sitaha juu. Haitegemei uzito kusimama, inategemea upana.

Kama unatoka kwetu, hii fizikia unaijua tangu utoto. Punda aliyebeba mitungi miwili kulia na miwili kushoto anatembea wima mpaka nyumbani. Mfungie hiyo mitungi yote juu ya mgongo, uone kama mtafika. Uzito ni uleule, ila umekaa tofauti.

Sasa ukishatoa farumi, boti inakuwa nyepesi. Ikiwa nyepesi inazama kidogo tu majini. Ikizama kidogo inasukuma maji kidogo. Ikisukuma maji kidogo inahitaji injini ndogo au tanga dogo. Injini ndogo inataka mafuta kidogo, na mafuta kidogo ni uzito kidogo tena. Unaona mduara unavyozunguka kwa faida yako? Shida ni kwamba mduara huohuo ukigeuzwa unazunguka kwa hasara yako, na hapo ndipo katamarani nyingi za safari duniani huharibikia.

Hesabu ndogo, usikimbie

Boti yoyote ya mwili mmoja mpana inayopasua maji ina kikomo cha mwendo ambacho ni vigumu kukivuka. Inatengeneza wimbi mbele na wimbi nyuma, na ikifika mwendo fulani inajikuta inapanda wimbi lake yenyewe. Kukisia kikomo hicho, chukua urefu wa boti kwenye maji kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 4.5. Unapata kilomita kwa saa. Boti ya mita 9: kipeuo cha 9 ni 3, mara 4.5, ni 13.5. Mwendo wa baiskeli. Ukitaka kupita hapo kwa mwili mpana na mzito, utachoma mafuta kama mtu aliyekasirikia pesa.

Mwili mwembamba sana hauna shida hiyo kwa kiwango kilekile. Ukiwa mrefu mara 8, 10 au zaidi ya upana wake kwenye maji, wimbi lake ni dogo na unapita kama kisu. Ndiyo maana wachoraji wa katamarani za mwendo wanapigania wembamba.

Lakini wembamba una bei. Tuendelee na boti yetu ya mita 9. Seme kila mwili una upana wa sentimita 60 kwenye maji na umechongoka mbele na nyuma. Nikipiga hesabu ya eneo linalokaa juu ya maji, miili yote miwili inanipa karibu mita mraba 7.5. Sentimita moja ya maji juu ya eneo hilo ni lita 75, na lita moja ya maji ni kilo moja, kama kila mtu aliyebeba mtungi wa lita 20 kichwani anavyojua. Maana yake? Kila kilo 75 unazoongeza, boti inashuka sentimita moja.

Kwa lugha rahisi: abiria mmoja, sentimita moja.

Boti ya mwili mmoja ya urefu huohuo, pana mita 2, itahitaji karibu abiria wawili ili ishuke sentimita hiyohiyo. Kwa hivyo katamarani nyembamba inauhisi uzito kuliko mwenzake. Haisamehi. Ukiichora kwa watu 12 halafu ukapakia 25, ile sifa yote ya mwendo imeisha, na sitaha iliyokuwa juu ya mawimbi sasa inapigwa na mawimbi kutoka chini, pa, pa, pa, safari nzima.

Hapo ndipo kuna siri ya kazi hii. Kuchora katamarani nyepesi si kuchora umbo linalopendeza. Ni kuamua, kilo kwa kilo, nini kitaingia na nini kitabaki nchi kavu. Na uamuzi huo unafanywa kwenye karatasi, kabla hujakata ubao hata mmoja.

Haba na haba

Kiswahili kinasema haba na haba hujaza kibaba. Hiyo ni sifa ya kuweka akiba, lakini kwa mchoraji wa boti ni onyo.

Angalia kinachofanyika kwa katamarani za safari, zile za watu kulala ndani na kuzunguka bahari. Mchoraji anaanza na boti safi, nyepesi. Halafu mteja anasema, jokofu dogo tu. Sawa. Kiyoyozi, maana kuna joto. Sawa. Jenereta ya kuendesha kiyoyozi. Mashine ya kufua. Tangi la maji la lita 500, yaani nusu tani pap. Nanga ya pili, mnyororo mrefu zaidi, meza ya mbao nzito kwa sababu nyepesi haionekani ya bei. Hakuna hata kimoja hapo ambacho peke yake kinaua boti. Vyote pamoja vinaiua. Mwishowe una nyumba mbili zinazoelea zikiwa zimefungwa pamoja, mwendo ni wa jahazi la mizigo, na mwenye boti anauliza kwa nini tangazo lilisema ni ya kasi.

Wachoraji wazuri wanapambana na hii kwa mbinu ambazo fundi yeyote makini anaweza kuzielewa.

Kwanza, wanaandika bajeti ya uzito kama vile wewe unavyoandika bajeti ya arusi. Kila kitu kina mstari na kilo zake. Shangazi akiongeza watu 50, lazima kitu kingine kitoke.

Pili, wanaweka unene pale penye nguvu tu. Pale mlingoti unaposhuka, pale boriti zinapounganisha miili miwili, hapo wanaongeza. Kwingine wanapunguza. Boti nzito mara nyingi ni boti ambayo aliyeichora hakujua nguvu inapita wapi, akaamua kunenepesha kila mahali kwa woga.

Tatu, wanatumia ukuta wa tabaka. Chukua boksi la kadibodi, lile la kupakia maembe. Ukilichana utaona karatasi mbili na mawimbi ya karatasi katikati. Karatasi moja peke yake ni legelege, lakini zikitenganishwa na kitu chepesi katikati zinakuwa ngumu. Katamarani za kisasa zinafanya hivyohivyo kwa faiba nje, faiba ndani, na povu gumu katikati.

Nne, vitu vizito vinakaa katikati ya boti. Ukifunga magunia nyuma kabisa ya pikipiki, gurudumu la mbele linataka kuruka. Boti pia. Ukiweka betri mwisho mmoja na nanga mwisho mwingine, itaruka juu na chini kwenye mawimbi kama mbuzi aliyefungwa.

Hakuna muujiza hapo. Ni nidhamu.

Pwani walijua kitambo

Wengine watasema hizi ni hesabu za wazungu na maboti ya matajiri. Apana. Nenda pwani, kutoka kwetu Kenya mpaka chini Tanzania na Unguja, uangalie ngalawa.

Ngalawa ni gogo lililochongwa likawa jembamba sana, jembamba kiasi kwamba peke yake lingekumwaga majini kabla hujakaa vizuri. Ndipo wanaweka miti miwili inayopita juu, kulia na kushoto, na mwisho wa miti hiyo wanafunga mbao zinazogusa maji. Hiyo ndiyo mirengu. Kwa hivyo ngalawa si katamarani kamili, ina mwili mmoja na mikono miwili, lakini wazo ni ndugu wa damu: mwili mwembamba kwa mwendo, upana kwa kusimama wima, na hakuna farumi. Tanga moja, watu wawili watatu, na inakimbia.

Na je, mnajua hilo gogo mara nyingi ni la mti gani? Mwembe. Mti uleule ambao Makueni na Kitui umetulisha na kutulipia karo. Sisi tunauangalia tunaona juisi, mvuvi wa pwani anauangalia anaona chombo.

Wazo hilo halikuishia pwani yetu. Watu wa visiwa vya Pasifiki walivuka bahari kuu kwa mitumbwi pacha karne nyingi kabla ya injini, na wataalamu wengi wanaihusisha mikono ya ngalawa na mabaharia waliotoka pande za Indonesia. Mwaka 1876 Mmarekani Nathanael Herreshoff alichora katamarani iliyoitwa Amaryllis, akaenda nayo mashindanoni New York, akawashinda wenye boti za kawaida. Wakafanya nini? Wakaikataza. Miaka kama themanini baadaye, katikati ya miaka ya 1950, Mwingereza James Wharram alijenga katamarani ya karibu mita 7 kwa pesa kidogo, akaiita Tangaroa, akavuka Atlantiki nayo pamoja na wanawake wawili Wajerumani. Halafu wakajenga nyingine, Rongo, na mwaka 1959 wakairudisha kutoka New York mpaka Ireland kwa Atlantiki ya kaskazini.

Kinachonivutia kwa Wharram si ujasiri wake. Ni kwamba alichora boti za plaiwudi ambazo mtu wa kawaida angeweza kujenga nyuma ya nyumba, na miili yake miwili mara nyingi ilifungwa kwa kamba, si kwa bolti. Kamba inanyumbulika, inapokea nguvu ya mawimbi bila kuvunjika. Mvuvi wa ngalawa angeitazama angesema, sasa hii nimeielewa. Boti moja ya mchoro wake, yenye urefu wa mita 6.4 tu, ilizunguka dunia nzima katika miaka ya 1990 ikiongozwa na Rory McDougall. Mita 6.4 ni fupi kuliko matatu ya abiria 33.

Kwa hivyo usiniambie katamarani ni ya matajiri. Ile nzito yenye kiyoyozi ndiyo ya matajiri. Ile nyepesi ilibuniwa na watu ambao hawakuwa na kitu.

Uzito ukichezewa unaua

Sasa tutoke kwa mambo ya mwendo tuje kwa mambo ya roho za watu.

Ukivuka kutoka Dar es Salaam kwenda Unguja kwa boti za Kilimanjaro za Azam Marine, unafika kwa kama saa mbili. Hizo ni katamarani za aluminiamu, na kadhaa kati yake zilitengenezwa Hobart, huko Tasmania. Aluminiamu haikuchaguliwa kwa sababu inang'aa. Ilichaguliwa kwa sababu ni nyepesi kuliko chuma. Mchoraji aliketi akaandika kilo zake, akapata boti inayobeba mamia ya watu na bado inakimbia.

Sasa kumbuka tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kwenye Ziwa Victoria, karibu na kisiwa cha Ukara. Kibali chake kilikuwa cha abiria 101. Kilipinduka kikiwa karibu kufika, na zaidi ya watu 220 walikufa. Soma hizo namba mbili tena. Waliokufa ni zaidi ya mara mbili ya walioruhusiwa kupanda.

Na hapa kwetu hatuko mbali na maji kama tunavyojidanganya. Tarehe 4 Desemba 2021 basi lililobeba wanakwaya waliokuwa wakienda arusini lilisombwa na Mto Enziu, pale Mwingi. Zaidi ya watu 30. Niseme ukweli hapa, ili mtu asije akasema nimeuza ndoto: katamarani haingewaokoa. Mto wa mafuriko unahitaji daraja na dereva anayekataa kuingia, si boti. Lakini Enziu ilituonyesha jambo moja kuhusu sisi watu wa nchi kavu. Maji hatuyaogopi kwa sababu hatuyajui. Maji usiyoyafika hujui wingi wake. Na watu wa aina hiyo ndio wanakaribia kupewa ziwa.

Aprili 2024, wakati wa mafuriko, boti ya abiria ilizama Kona Punda, kwenye njia ya kuelekea Garissa, watu wakafa. Barabara ilikuwa imekatika, watu walikuwa na shida ya kuvuka, boti ilikuwa pale, wakapanda. Nani kati yao angejua boti ile ilichorwa kwa watu wangapi? Nani angejua mstari wa maji ulipaswa kuwa wapi?

Ndiyo maana nasema kuchora boti si anasa. Mtu akijua kwamba abiria mmoja ni sentimita moja, anaweza kupaka mstari mwekundu ubavuni mwa boti na kumwambia nahodha: maji yakigusa hapa, safari imefika. Mama aliyebeba ndizi na ambaye hajaenda shule ataangalia mstari huo na kujua apande au asubiri. Hiyo ndiyo faida ya mchoro kwa mtu wa kawaida.

"Lakini nyepesi si ni dhaifu?"

Hili swali nimelisikia sana na ni la haki. Kwetu kitu kizuri ni kizito. Mlango mzito, sufuria nzito, hata mtu akinenepa tunasema amepata.

Lakini uzito na nguvu si ndugu. Kwenye boti, uzito mwenyewe ni adui wa boti: kadiri ilivyo nzito ndivyo kila wimbi linaipiga kwa nguvu zaidi, na kila kiungo kinabeba zaidi. Boti nyepesi iliyochorwa vizuri inapanda juu ya wimbi badala ya kupigana nalo.

Hata hivyo sitaki kudanganya. Katamarani nyepesi ina hasara zake. Ile ya tanga ikipata upepo mkali na nahodha akawa mbishi hajapunguza tanga, inaweza kupinduka, na ikipinduka haijiinui yenyewe kama boti yenye farumi. Nzuri ni kwamba ikijengwa kwa mbao au povu inabaki ikielea, na watu wana kitu cha kushika. Pia inachukua nafasi kubwa gatini. Na kama nilivyosema, haisamehi mtu anayepakia kama matatu ya jioni. Kwa hiyo chombo hiki kinakuja na masharti: hesabu ya abiria, jaketi za kuokolea kwa kila mtu, na nahodha ambaye neno lake ni la mwisho. Asiyetaka masharti abaki nchi kavu.

Kwa bwawa kama Thwake mimi naona hivi. Mita 8 au 9, miili miwili ya plaiwudi iliyopakwa epoksi, paa jepesi lenye sola, injini ndogo ya umeme. Jua ndiyo kitu pekee ambacho Kitui haijawahi kukosa. Injini ya umeme inapendana na mwili mwembamba kwa sababu hauhitaji nguvu nyingi. Ukichukua injini hiyohiyo ukaifunga kwa boti pana ya chuma, itabidi uongeze betri, na betri ni nzito, na tumerudi kwa ule mduara wa hasara.

Vitu tunavyo, mchoro ndio hatuna

Hebu tuhesabu tulivyo navyo.

Tuna mikono. Mutisya Munge wa Wamunyu alijifunza kuchonga alipokuwa Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akarudi akafundisha wengine, na leo vinyago vya Wakamba viko dunia nzima. Kule Changamwe, Mombasa, ushirika wa Akamba Handicraft umelisha familia nyingi sana. Mchongaji wa kwetu akishika mti anajua uzito wake kwa mkono. Anajua mpingo ukiutupa majini unazama. Huyo mtu unamwita hana msingi wa kujenga boti?

Tuna mti. Mukau unastahimili ukame, mchwa hawauwezi kirahisi, na unatoa mbao kwa muda ambao mtu anaweza kusubiri. KEFRI wana kituo hapa Kitui ambacho kimefanya kazi kwa miaka kuboresha mbegu zake. Ninachoomba ni wapime mbao hizo kwa kazi ya maji: zinanywa maji kiasi gani, zinapinda vipi, gundi inashika vipi. Kipimo hicho ndicho kitaamua, si mapenzi yangu kwa mukau. Na si lazima tukate gogo zima kama la ngalawa. Vipande vyembamba vilivyogundishwa vinatosha.

Tuna cherehani. KICOTEC pale Syongila imeshona sare na barakoa. Tanga ni kitambaa kilichokatwa kwa hesabu, na wanawake wanaokata sare kwa hesabu wanaweza kujifunza hilo pia.

Tuna chuo kikuu, SEKU, kule Kwa Vonza, na vyuo vya ufundi kila upande. Programu kama FreeCAD ni ya bure, laptop ya kawaida inaiendesha. Michoro ya kusomea ya wachoraji wa katamarani inauzwa mtandaoni kwa mtu yeyote.

Na tuna majirani wa kutufundisha. Kule Lamu, fundi Ali Skanda na wenzake walijenga FlipFlopi, jahazi la tanga la urefu wa kama mita 9 lililotengenezwa kwa plastiki zilizookotwa, wakalipamba kwa vipande vya sandali. Wakaliteremsha majini Septemba 2018, na mapema 2019 likasafiri kutoka Lamu mpaka Zanzibar, karibu kilomita 500. Kila mtu alisema plastiki haijengi jahazi. Ikajenga, kwa sababu fundi aliyejua jahazi la mbao alikaa chini akafikiria upya. Vijana wetu kumi wakikaa Lamu miezi sita, watarudi na kitu ambacho hakuna semina ya hoteli itawapa.

Tukose nini basi? Mtu wa kuunganisha hivi vyote kwenye karatasi moja yenye vipimo na kilo.

Ombi langu kwa kaunti mbili

Siku ya kununua boti za bwawa itafika, na tenda itaandikwa. Najua itakavyoandikwa kama hatutasema kitu: "boti moja ya abiria 20, injini ya nguvu farasi 40." Basi. Hakuna uzito wa boti ikiwa tupu. Hakuna kina chake majini ikiwa imejaa. Hakuna mstari wa mwisho wa kupakia. Atakayeleta chuma kizito cha bei ya chini atashinda, na mafuta yake tutalipa miaka ishirini.

Naomba serikali za Kitui na Makueni ziandike mistari mitatu tu kwenye tenda hiyo: uzito ikiwa tupu, kina ikiwa imejaa, na lita za mafuta au umeme kwa kila kilomita na kila abiria. Mistari mitatu. Hiyo peke yake itafukuza boti mbaya nusu kabla hazijafika.

Na naomba waanze na boti moja ya mfano, ijengwe hapa, iwekwe Kiambere ambako maji yapo tayari, ipakiwe magunia ya mchanga badala ya watu, ipimwe sentimita kwa sentimita mpaka tujue ukweli wake. Mchanga, wakwa, tunao wa kutosha.

Kwa wewe kijana unayesoma hii ukiwa Mutomo, Kyuso, Wote au Kibwezi: usisubiri bwawa lijae. Chukua karatasi leo. Chora miili miwili, andika urefu, andika upana, halafu pembeni anza orodha ya kilo. Ukifika mwisho uone imepita, anza kutoa. Siku utakapojua cha kutoa ndiyo siku utakuwa umeanza kuwa mchoraji.

Maji yanakuja. Yatukute na penseli mkononi.